Mwenye Jina Ndiye Anayejibu

Mama yangu mzazi aliniita "yaya" tangu nikiwa natambaa. Kwetu Likasi yaya ni kaka au dada mkubwa, mtu wa kuheshimiwa, na mama hakuwa akitania. Nilipewa jina la kaka yake aliyekufa vitani, na kwa desturi yetu anayepewa jina hapewi sauti tupu ya kuitwa nayo. Anapewa mtu mzima pamoja na mambo yake yote. Ndiyo maana mama alinipakulia kuku kabla ya kumpakulia baba. Baba naye, mtu wa mzaha, aliniita shemeji, na mchuzi ukizidi chumvi alinigeukia mimi: "Shemeji, ongea na dada yako, atatuua." Nilikuwa na miaka saba.

Sokoni kulikuwa na mama mmoja, muuza mikate ya kukaanga, ambaye mjomba wangu alikuwa amemposa zamani. Aliolewa na mwingine, akazaa, akapata wajukuu, lakini kila aliponiona na mfuko wa shule alipaza sauti kwa Kiswahili chetu, ambamo "njo" ni ndiyo na "minye" ni mimi: "Muchumba yangu, njo leo unakumbuka kuya kuniona? Na juu ya nini umekonda hivi? Weye ulikuwa na tumbo ya mukubwa!" Wauzaji wote wa mstari ule walikufa kwa kicheko. Mimi niliomba ardhi inimeze, kisha nikapokea mkate wa bure nikaendelea na safari. Kwa hiyo nilikua nikijua kwamba jina langu lina faida. Sitaliandika hapa, wanaolijua wanalijua.

Aliyenipa jina hilo ni nkambo, ndivyo tunavyomwita bibi, mama yake mama. Mwanawe alikuwa askari katika miaka ile ya sitini, jimbo letu lilipojitangaza kuwa nchi peke yake na vita vikafika hadi kwenye barabara zetu. Vilipoisha alivuka mpaka kuingia Angola na wenzake kupigana vita vingine, na habari iliyorudi ilikuwa ya kifo. Kwa nkambo alikuwa shujaa na hakuna aliyebishana naye. Chumbani mwake, juu ya kitanda, ulitundikwa mkanda wa ngozi wenye kifungo cha shaba, kitu pekee cha mwanawe kilichobaki. Krismasi na Pasaka alinivalisha kwenda misa. Ulikuwa na tundu moja lisilolingana na mengine, lililotobolewa kwa msumari, na kwa kuwa nilikuwa mwembamba ndilo nililolitumia. Niliwahi kumuuliza nani alilitoboa. Akaniambia nivae tu, misa inaanza.

Mwaka ninaousimulia, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilikuwa darasa la mwisho la sekondari katika shule ya mapadri. Kila kitu kilikuwa kinalegea. Kampuni ya migodi iliyowalisha baba zetu ililipa ilipopenda. Kwanza uliisha unga wa mgao, kisha mafuta, kisha hata ahadi. Umeme wa bwawa la Koni, ambao utotoni sikujua kwamba unaweza kukatika, ulianza kuja na kuondoka unavyotaka. Walimu hawakulipwa, na wazazi walichanga walichonacho ili tufike kwenye mtihani wa taifa. Mwalimu wetu wa historia alikuja hata wiki ambazo hakuna aliyechanga. Alikuwa mtu mkavu, shati limepigwa pasi, sauti ya chini. Alizaliwa Likasi kama mimi, lakini wazazi wake walitoka Kasai, kama watu wengi wa mji huu ambao waliletwa na reli na migodi.

Mwalimu huyu hakuwahi kunitaja jina. Asubuhi aliita majina ya darasa zima kwa utaratibu, kila mmoja akaitika "Présent!", yaani nipo, na akifika kwangu aliinua macho na kusema: "Weye wa dirishani." Nami niliitika kama wengine. Maksi alinipa nzuri, sikuwa na la kumshtaki, lakini iliniuma. Mtu aliyezoea kubebwa na jina lake huona ajabu likirukwa kama dimbwi la maji. Nikaamua kwamba nitakuwa mwanafunzi hodari mpaka alitaje, atake asitake. Mimi ni mkaidi, na huo ukaidi sijui ni wangu au ni wa mjomba ninayebeba jina lake.

Alikuwa na namna yake ya kufundisha. Juu ya meza aliweka kopo la maziwa lenye vikaratasi, na kila kikaratasi kilikuwa na mtu mkubwa wa historia: wafalme, majenerali, wapelelezi wa kizungu, marais. Uliyemchota unakwenda kumsoma, kisha unasimama mbele ya darasa *kama yeye*. Huruhusiwi kusema "alifanya". Unasema "nilifanya". Darasa linakuuliza maswali na wewe unajibu kwa kinywa chake. Masomo yalikuwa kwa Kifaransa, lakini akiguswa na jambo aliangukia Kiswahili chetu, kinachosema bantu badala ya watu. "Vita haina miguu," alituambia. "Iko bantu banaileta, na bale bantu beko na majina. Musiniambie vita iliingia. Muniambie nani aliingia, na kwa nyumba ya nani."

Mwenzangu mmoja alimchota waziri mkuu yule aliyeuawa jimboni kwetu. Nusu ya darasa ilimpigia makofi, nusu ilimpigia miluzi, na mwalimu aliwaacha wote wamalize. Mimi nilimchota mfalme aliyetoka mashariki, ng'ambo ya ziwa, akajenga mji wake Bunkeya kwa shaba, pembe za ndovu na watumwa. Nilifurahi kupita kiasi. Wakati ule nilipenda wakubwa. Niliamini kwamba vita ni mtihani, na anayeshinda ni mkubwa, na mkubwa hasumbuliwi na hesabu ndogo ndogo.

Nilisimama vizuri sana. Nilisema jinsi nilivyokuta vijiji vinavyogombana nikavifanya ufalme. Nilisema jinsi Wazungu walivyokuja na bendera yao, nikaikataa, na ofisa wao akanipiga risasi nyumbani kwangu, naye akafa palepale kwa mkono wa watu wangu. Darasa lilipiga makofi hadi mkuu wa shule akachungulia mlangoni. Mwalimu alingoja kelele ziishe.

"Mufalme," akaniuliza kwa Kiswahili, "bale bantu ulibauzisha, unajua jina ya hata mumoja?"

Sikujua. Nikajiokoa kwa methali, kama mtu yeyote aliyebanwa. Nikasema wapiganapo tembo, nyasi ndizo zinazoumia.

"Hii methali," akasema, "tembo njo aliitungaka."

Darasa likacheka. Hakucheka yeye. Akanisogelea na kusema kwamba nyasi hazina majina, watu wanayo. Kisha akauliza: "Na sasa mufalme alikufa. Ofisa alikufa. Bale babaya na bale bazuri, bote balikufa. Nani atajibu?"

Nikampa jibu la kwetu, kifua mbele: "Kwetu, Prof, mutu akikufa, mwenye jina yake njo anajibu."

Wenzangu walipiga meza kwa furaha, maana walinijua na walijua kwamba mama yangu ananiita yaya. Mwalimu alinitazama muda mrefu. Akageuka akafuta ubao, na ubao haukuwa na kitu. Akaniambia nikae, akakusanya vitabu vyake, akatoka kabla ya kengele.

Niliwaza kwamba nimemshinda. Nilitembea nyumbani nikipiga mluzi.

Miezi iliyofuata siasa ilishuka kutoka redioni ikaingia mitaani. Wakubwa walisema kwenye mikutano kwamba udongo huu una wenyewe, na kwamba njaa yetu imeletwa na wageni waliokalia kazi zetu. Wageni walikuwa watu wa Kasai. Watu tuliobatizwa nao kwenye kisima kimoja wakaanza kuitwa wadudu. Kiwanda cha baba kilikuwa kimenyamaza kwa kukosa vipuri na fedha, kila mtu aliyefanya kazi pale alijua hivyo, lakini ni rahisi zaidi kumfukuza jirani kuliko kutengeneza mtambo. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Kunguru wetu walikuwa na magari na walinzi.

Darasani viti vilianza kubaki vitupu. Mwalimu aliendelea kuita majina yote, hata ya waliokwisha kuondoka, na baada ya kila jina lisilojibiwa alingoja kidogo kabla ya kuendelea. Kisha asubuhi moja yeye mwenyewe hakuja.

Jioni hiyo, jua bado lipo, vijana waliingia uani kwetu. Aliyewaongoza niliwahi kukaa naye dawati moja kabla hajaacha shule. Walibeba fimbo na vyuma, na walimsalimia nkambo kwa adabu zote, mikono miwili.

"Weye iko na jina ya mwenyewe wa huu udongo," akaniambia. "Vaa ule mukaba ya nkambo, utembee mbele. Kesho asubui tunaenda kwa ile barabara ya bile bidudu. Bantu bakiona mukaba, bakisikia jina, batajua kama mambo ni ya kweli."

Barabara aliyoitaja ndiyo aliyokaa mwalimu.

Nikiandika haya siwezi kusema kwamba nilichukia. Kwa dakika chache nilijiona mrefu. Tangu nizaliwe nilikuwa napewa kuku na mikate kwa ajili ya mtu mwingine, na sasa nilikuwa naitwa nikafanye kitu alichofanya yeye. Walipoondoka baba aliniita. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anachambua mbegu za mahindi. "Shemeji," akasema, na kwa mara ya kwanza neno hilo halikuwa na mzaha ndani yake, "fikiri vizuri. Kwa mimi ni bure kusema. Jina ni ya kwao mama yako."

Nikaingia kwa nkambo kuomba mkanda. Aliushusha msumarini, akaupangusa vumbi kwa khanga, lakini hakuniachia. Alikuwa ameshika upande mmoja nami nimeshika mwingine. Nikakumbuka kopo la maziwa na swali la mwalimu, na nikaona aibu kwamba ninakwenda kusimama kama mtu ambaye sijawahi kumsoma. Nikamuuliza kama mwalimu alivyotufundisha.

"Nkambo, mu ile vita, minye nilifanyaka nini?"

Akakaa kitandani. Hakunijibu mimi. Alimjibu mwanawe.

"Ulikuwa munene, mwana wangu," akasema. "Hii mukaba haikukuenea hata siku moja."

Nikakaa chini kwenye saruji. Na maneno ya yule mama wa mikate, ambayo nilikuwa nimeyacheka maisha yangu yote, yakanirudia: juu ya nini umekonda hivi, weye ulikuwa na tumbo.

Nkambo akaniambia. Mwenye mkanda alikuwa mtu wa Kasai, mfanyakazi wa reli, aliyekaa barabara ya nyuma yetu. Mtu mwembamba, mkimya, aliyepita kila asubuhi akisalimia. Katika siku za fujo mwana wa nkambo alikwenda na askari wenzake wakamtoa nyumbani kwake mchana, wakampeleka njia ya Kambove pamoja na wengine, na hakuna aliyerudi. Mwana wa nkambo alirudi na mkanda umekunjwa mfukoni. Siku ya pili mke wa yule mtu alikuja kupiga hodi, amemshika mtoto mdogo mkono. Aliuliza kama mwana wa nyumba hii anajua mumewe alipelekwa wapi.

"Nilisema minye sijue kitu," nkambo akasema. "Mukaba ilikuwa hapa, chini ya muto. Ule mutoto alikuwa anaangalia mahindi kwa moto ya mbabula. Nikamupa hindi moja. Bakaenda."

"Na mutoto?"

"Njo ile mwalimu yako."

Nilimuuliza kwa nini alikitundika ukutani kitu kama kile, tena akanivalisha kwenda nacho kanisani. Akasema mwanzoni aliuficha ili autupe, na hakuweza. Kisha mwanawe akafa Angola bila kaburi, na hakuwa na kitu kingine kilichowahi kushikwa na mkono wake. Alilia. Nami nililia, kwa hasira zaidi kuliko kwa huruma, maana nilimpenda mno na hapo hapo nilitamani kumtikisa mabega.

Nikamuuliza jina la yule mtu wa reli. Akasema amesahau. Nikamwambia hajasahau. Akasema wafu waachwe walale. Nikamwambia nitakaa pale chini mpaka anitajie, na mimi nikikaa nimekaa. Mama alituita kula, hakuna aliyekwenda. Nkambo alisali rozari, akakunja nguo zilizokuwa zimekwisha kukunjwa, akapanga upya vitu vya mezani. Mwishowe, akitazama ukuta, akalitamka. Nikalirudia mara kadhaa ili lisinipotee.

Asubuhi vijana walikuja. Nilitoka nikiwa nimefunga suruali yangu kwa kamba, na mkanda nimeushika mkononi.

"Vaa basi," kiongozi wao akasema.

"Sivae. Hii haiko yangu. Naenda kuirudisha kwa mwenyewe."

Alicheka kwanza, kwa kudhani namtania. Alipoona sicheki akanisogelea usoni. "Ukienda kule, na weye ni mududu. Na nyumba yenu tutaijua."

"Munaijua tangu zamani," nikamwambia. "Mulikula hapa."

Nikapita katikati yao. Donge la udongo lilinipiga mgongoni, kisha jiwe, na sikugeuka. Sitaki kujifanya jasiri. Mkanda ulikuwa umeloa jasho la kiganja. Lakini nilikuwa na jambo moja tu la kufanya siku ile, na mtu mwenye jambo moja hutembea vizuri. Nyuma yangu nilisikia sauti ya baba inawaambia wale vijana kwamba leo wataanza na yeye. Alikuwa amesimama kwenye njia ya kutokea uani kwetu na sepetu ya bustani. Baba yangu, mtu wa mzaha.

Nyumba ya mwalimu ilikuwa tayari haina mlango wala fremu. Jirani aliniambia yuko stesheni na mama yake, kama wenzao wote.

Njia nzima nilikuwa nikiwapanga wakubwa wangu wa historia. Nilikuwa nimewapenda kwa sababu walionekana wazima kutoka mbali. Mfalme, ofisa, wale waliotangaza nchi yetu na wale waliokuja kuivunja: kila mmoja alikuwa na sababu, na sababu zao nilizijua kwa moyo, ningeweza kuzitetea zote kwa Kifaransa kizuri. Ila hakuna hata mmoja aliyekuja mwenyewe barabara ya nyuma yetu kumtoa yule mtu nyumbani mwake. Ilihitajika kijana wa mtaa, mwenye tumbo na mchumba na mama mwema. Ilihitajika pia mama mwema wa kusema sijui. Vita vyote nilivyovisoma, nikaona, vilipita mlangoni kama kwetu, na mlangoni pale kulikuwa na mtu ambaye angeweza kujibu akanyamaza. Hapo ndipo nilipoacha kuwapenda wakubwa, na mpaka leo sijawarudia.

Stesheni haikuwa stesheni tena. Watu walilala hadi kwenye reli, na magodoro, na masufuria, na vyerehani, na milango waliyoing'oa wenyewe ili isiibiwe. Mvua ilikuwa imenyesha. Walikuwa wakingoja treni ya kwenda Kasai, ambako wengi wao, kama mwalimu, hawakuwahi kufika. Nilimkuta anafunga kamba ya karatasi ya plastiki juu ya mama yake. Shati lake lilikuwa chafu, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote.

"Bonjour, Prof. Jambo, mama."

Mwalimu aliona mkanda. Nilikuwa nimetunga maneno mazuri njiani, na yote yalikuwa yamekimbia. Nikafanya kitu pekee alichonifundisha. Nikasimama wima na kuanza kwa kinywa cha mwingine.

"Minye," nikasema, na nikataja jina langu lote, "mu ile vita nilikuya kwa nyumba yenu. Ilikuwa muchana. Nilikuwa na bwenzangu. Nilimukamata baba ya hii nyumba."

"Non," mwalimu akasema kwa sauti kavu. "Pas ici. Hapa haiko darasa."

"Acha aseme," mama yake akasema.

Alikuwa bibi mdogo wa mwili, kitambaa cheusi kichwani. Mwalimu akaachia kamba. Akanitazama kama siku ile ya mfalme, akaniuliza swali lile lile ambalo lilikuwa limenishinda.

"Jina yake?"

Nikalitaja. Bibi alifunika mdomo kwa mkono.

"Ulimupeleka wapi?" akauliza yeye.

"Njia ya Kambove, mama."

"Kisha?"

"Kisha sijue. Mama yangu hajue. Njo vyote tunajua." Nikapiga goti na kumpa mkanda kwa mikono miwili.

Hakuuangalia kifungo. Alipitisha kidole gumba juu ya ngozi mpaka akalifikia lile tundu lisilolingana na mengine. "Nilimutobolea minye," akasema. "Alikuwa anakonda. Nilitumia musumari ya mulango." Kisha akaniinulia macho. "Na mama yako, ile siku nilipiga hodi, alikuwa anajua?"

Ningeweza kusema hapana. Nkambo alikuwa nyumbani anasali, mzee, na hakuna ambaye angegundua.

"Alikuwa anajua, mama."

Alitikisa kichwa polepole. Mwalimu ndiye aliyesema, akitazama reli. "Alinipa hindi ya kuchoma. Nilikula njiani. Mama alinipiga juu ya ile hindi mpaka nikatapika."

"Nilikupiga juu sikukuwa na mwingine wa kupiga," bibi akasema.

Hakunisamehe. Sikumwomba, na leo nafurahi kwamba sikumwomba, maana watu tayari walikuwa wamemchukulia vya kutosha. Aliukunja mkanda, akauingiza ndani ya beseni lake katikati ya sahani, akalifunika. "Niliuliza kwa mapadri," akasema. "Niliuliza kwa askari. Niliuliza kwa kila serikali. Njo weye wa kwanza unanijibu." Kisha akaniambia niende, mama yangu asije akakosa mtoto mara mbili.

Nikamtazama mwalimu, nikamwambia kwaheri, naye akarudia kufunga kamba yake. Nikageuka. Nilikuwa na mgongo unaouma kwa lile jiwe, na nyumbani sikujua nitakuta dirisha gani zima. Nilianza kupita kati ya magodoro, nikichagua pa kukanyaga.

Nyuma yangu sauti ya chini, ile ya asubuhi, ya kitabu cha mahudhurio, iliita jina langu. Liliitwa lote, polepole, bila kurukwa hata kipande.

Nikasimama wima pale pale, kati ya masufuria ya watu.

"Présent," nikaitika.